Tano kwa Mkaa

Akoth alinipigia simu nikiwa nasahihisha. Alisema, "Mwalimu, mama ametuacha," kisha akasubiri niseme jambo, nami nikauliza swali la kijinga, nikauliza ilikuwa saa ngapi. "Saa nne asubuhi, hospitalini hapa Homa Bay. Tutamzika nyumbani Alhamisi ya wiki ijayo. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Nilipoweka simu chini, mbele yangu kulikuwa na karatasi ya mtoto wa Form One aliyeambiwa apange nambari kuanzia ndogo hadi kubwa, naye ameandika hasi moja, hasi tatu, hasi saba, sifuri, nne. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi mno katika miaka ishirini na saba ya kufundisha, na kila mara huweka kalamu chini kidogo kabla ya kuchora mkasi wa kosa. Wenzangu hapa Rongo hudhani nina huruma. Si huruma, ni hofu, na hofu hiyo niliipata mwaka wa 1997 kando ya mto Kuja.

Nilikuwa na miaka ishirini. Shule ya kutwa ambayo wazazi wa Nyatike walikuwa wameijenga wenyewe, mwendo mfupi kutoka mahali Kuja unapolegea kabla ya kuingia ziwani, haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu Januari. Nikafika Septemba na sanduku la bati, msichana wa Kikuria kutoka vilima ambako mto ni kitu cha kuvuka kwa kuruka mawe, nikapewa chumba kwa Min Akoth. Hilo halikuwa jina lake la ubatizo; Wajaluo humwita mama kwa jina la mtoto wake, na Akoth alikuwa mtoto pekee aliyebaki nyumbani, tena mwanafunzi wangu wa Form One. Baba yake alifanya kazi Homa Bay na alikuja mwisho wa mwezi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyoyumba, na dirisha la mbao lililotazama mtoni. Nilikipenda sana. Kilinuka dagaa wa omena na sabuni ya kipande, na asubuhi nilimsikia Min Akoth akiimba nyimbo za kanisani huku akikoroga uji. Nyumba ile ilikuwa ya Wasabato wa kweli. Majani ya chai hayakuvuka mlango, wala kamongo, wala samaki yeyote asiye na magamba, na Ijumaa alasiri chakula chote cha Jumamosi kilipikwa kikafunikwa, moto ukaachwa ufe kabla jua halijazama. Mimi Mkatoliki nilipewa ruhusa ya kupasha uji wangu siku ya Sabato nikitaka, lakini niliona aibu na nikaunywa baridi kama wao.

Chini zaidi, karibu kabisa na mto, palikuwa na nyumba ya Dani, mama mkwe wa Min Akoth. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na sikumjua kwa jina jingine. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu mwaka uliotangulia, lakini hangeweza kuhamia kwa mwanawe, kwa sababu kwao mama halali katika nyumba ya mtoto wake wa kiume, na isitoshe kaburi la mumewe lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pake. Kwa hiyo Min Akoth alishuka na kupanda kilima kile mara tatu kwa siku akibeba bakuli. Jioni yangu ya kwanza nilifuatana naye pamoja na Akoth. Dani alinitazama kutoka kitandani, akauliza kitu, na Akoth akaanza kucheka kabla hajatafsiri. "Anauliza kama umerudisha ng'ombe zao." Wakuria tuna sifa ya zamani ya kuwaibia Wajaluo ng'ombe, kwa hiyo nikajibu kwamba bado wananenepa, wakiwa tayari nitawaleta. Dani akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo kila nilipoingia aliuliza habari za ng'ombe wale, mmoja mmoja, akiwataja kwa rangi zao. Nilimpenda upesi kuliko nilivyotarajia kumpenda mtu wa ugenini.

Sokoni palikuwa na ghala la pamba lililofungwa zamani, na kwenye ukuta wake wa saruji kila asubuhi Jaduong' Zakayo aliandika nambari moja. Jaduong' ni mzee kwa Kijaluo, na huyu aliwahi kufanya kazi na watu wa idara ya maji, na nambari hiyo aliisoma mtoni, kwenye mti wa chuma uliosimikwa ukingoni wenye alama za futi. Hayo ya mti niliyajua kwa kusikia tu. Sikuwahi kushuka kuutazama, na hilo pekee lingetosha kunihukumu. Nambari aliiandika kwa mkaa, ikawa nyeusi tititi juu ya saruji. Nilidhani hana chaki. Sisi wenyewe shuleni tuligawana chaki kwa vipande, kwa hiyo nililijua tatizo hilo, na siku moja ya Oktoba nikamletea kipande kizima, kipya, nikijiona mtu mwema. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza. "Asante, mwalimu," akasema. "Hii nitaweka. Lakini tuombe Mungu mwaka huu tusitumie." Akakifunga kwenye kitambaa na kukitia mfukoni. Nikaenda zangu nikifikiri kwamba wazee wa huku wana utani wa ajabu.

Mwanzoni mwa Novemba nilifika kwenye nambari hasi. Kitabu kilitumia kipimajoto cha nchi yenye theluji, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona darasani mle, mimi nikiwa wa kwanza. Niliandika ubaoni hasi nane, hasi tano, hasi moja, sifuri na tatu, nikizichanganya, nikawaambia wazipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Karibu wote waliweka hasi moja kwanza, maana wanajua tangu darasa la kwanza kwamba moja ni ndogo kuliko nane. Nikachora mstari mrefu, nikasema kulia ni kubwa na kushoto ni ndogo, msibishane na mstari. Akoth akainua mkono. "Mwalimu, hii si ni kama mti ya mto? Ile Jaduong' Zakayo anasoma?" Darasa likacheka, na mimi nikaona napotezewa wakati. Nilikuwa nyuma ya silabasi kwa miezi minane na nilijivunia ukali wangu. "Akoth, tuko kwenye hesabu," nikamwambia, "hatuko mtoni." Akaketi. Jioni alinimiminia uji, nami sikumuuliza alikuwa ametaka kusema nini.

Mwezi ule mvua haikutunyeshea sana sisi. Ilinyesha juu, Kisii na pande za Rongo, siku baada ya siku, mvua ile ambayo redio iliipa jina la kigeni na baadaye watoto wakabandikwa jina hilo. Kwetu kulikuwa na jua na mbu. Kilichobadilika ni mto, ukawa mwekundu na mnene, na ukaanza kupitisha vitu: migomba mizima, mlango, kuku waliokufa, siku moja kiti cha sofa kikiwa na kitambaa chake. Yangeyange walihama ukingoni wakaja kutembea kwenye uwanja wa shule kama wanafunzi waliochelewa. Watu walipita sokoni, wakatazama ukuta, wakaendelea na safari. Ukuta ulisema kumi, kisha tisa, na Jumatano nane. Mimi niliona nambari zikipungua nikashangaa kwa nini nyuso zimekunjamana. Nilijisemea kwamba watu hawa wanapenda kuogopa, na nikajiona mwenye akili.

Ijumaa niliwapa Form One jaribio asubuhi, nikakusanya karatasi, na saa nane nikaelekea nyumbani. Ukutani kulikuwa na tano. Nilifurahi, na nakumbuka furaha yenyewe, kwa sababu kutoka nane hadi tano ni hatua kubwa. Nilipofika niliwakuta vijana wanne wa kanisa wamekaa kwenye kivuli cha ghala la mahindi wakiwa na kamba. Min Akoth alikuwa amewaita wambebe Dani na kitanda chake mpaka darasa la shule, kule kilimani, kabla Sabato haijaingia. Akoth mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametoka shuleni moja kwa moja kwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, na angelala huko kwa shangazi yake. Mama yake alikuwa jikoni akikaanga ngege wa kesho, jasho likimtiririka, na alionekana mtu aliyelia. Dani alikuwa amemfukuza mara mbili asubuhi ile. Alisema hataliacha kaburi la mzee wake.

"Mwalimu, umepita soko?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimepita, mama."

"Ukuta inasema aje?"

"Mto unashuka," nikasema.

Akaacha kugeuza samaki. "Inashuka?"

"Tena sana, tangu Jumatano."

Akainua uso, akasikiliza upande wa dirisha. Nami nikasikiliza. Kulikuwa na mngurumo wa chini, ule ule wa wiki nzima. "Sauti yake si ya kushuka," akasema polepole. "Lakini kama ukuta imesema." Akatoka nje akawaambia vijana warudi Jumapili, Dani apumzike kwanza, akampa kila mmoja kipande cha samaki kwa usumbufu. Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. Jua lilipozama tuliimba, na nilikula ugali wangu kwa hamu.

Jumamosi asubuhi, maji yakiwa bado ndani ya ukingo, alimpelekea Dani uji, akamwosha, akamfunga kitambaa cha kichwa kizuri kwa sababu ya Sabato, kisha akapanda kanisani. Nilibaki peke yangu sebuleni na karatasi zangu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa na nje jua liliwaka. Saa nane hivi mchana nilifika kwenye karatasi ya Akoth. Alikuwa amepata yote. Alikuwa peke yake kupata yote, na pembeni, kwa penseli, alikuwa amechora alichotumia kufikiria: mti uliosimama wima, sifuri katikati, na mbele ya sifuri neno "ukingo". Juu ya sifuri nambari zilikuwa nyeupe, mstari wa nje tu. Chini ya sifuri alikuwa amezipaka nyeusi, moja, mbili, tatu, mpaka kumi chini kabisa majini. Kando yake aliandika kwa herufi ndogo: chaki juu, mkaa chini.

Niliisoma mara mbili. Tano ya Ijumaa haikuwa futi tano za maji. Ilikuwa hasi tano, futi tano chini ya ukingo, na Jumatano maji yalikuwa chini zaidi, futi nane. Kwa siku mbili mto ulikuwa umepanda futi tatu, na mimi mwalimu wa hesabu, niliyechora mstari ubaoni na kuwakataza watu kubishana nao, nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta nikaona nane kubwa kuliko tano kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe hata chaki yangu mzee aliielewa kuliko nilivyoielewa mimi.

Nilikimbilia sokoni kwanza, sijui kwa nini, labda nilitaka ukuta unikanushe. Tano ilikuwa palepale, kwa sababu Jaduong' Zakayo naye ni Msabato na Jumamosi haandiki. Nikateremka mtoni. Ukingo haukuwepo. Maji yalikuwa yametandaa kwenye mashamba ya viazi, mekundu, tulivu, yakimetameta juani, wala hayakuwa na kelele tena. Mti wa chuma nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Zilibaki nambari nyeupe tu, na maji yalikuwa yanalamba mbili. Nyumba ya Dani ilisimama katikati ya maji yale, yakiwa yamefika kwenye dirisha.

Niliita jina lake, nikaingia mpaka kiunoni, nikashindwa kusimama, nikarudi. Siwezi kuogelea. Nikakimbia kilimani na kuingia kanisani bila viatu katikati ya maombi, na wananiambia nilipiga kelele kwa Kikuria mpaka Akoth akanishika mabega na kuniambia, "Mwalimu, Kiswahili." Wanaume walishuka na kamba. Wawili kati ya wale vijana wa Ijumaa waliogelea mpaka ndani na kumleta Dani juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, na Min Akoth akampokea akiwa majini. Kitambaa cha kichwa kilikuwa bado kimefungwa vizuri. Alikuwa amekufa, na kifo hicho nilikileta mimi.

Jumapili asubuhi ukutani tano ilikuwa imefutwa kwa kiganja, na mahali pake kulikuwa na nne, nyeupe. Ilikuwa chaki yangu. Hapakuwa na nyingine sokoni pale. Dani alizikwa juu, karibu na darasa, kwa sababu kaburi la mumewe lilikuwa chini ya maji, na jambo hilo liliwauma watu wa nyumba ile karibu kama kifo chenyewe.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa uani. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na birika la kuwanawisha mikono. Ndugu mdogo wa mume wa Min Akoth, ambaye Akoth humwita baba mdogo, alisema kwa Kiswahili ili pasta, mtu wa kutoka mbali, asikie: "Vijana walikuwa hapa Ijumaa na kamba. Nani aliwarudisha?"

"Ni mimi," Min Akoth akasema. "Jua ilikuwa inaenda. Sikutaka kazi iingie kwa Sabato."

Pasta akainua kichwa, maana alijua, kama kila Msabato ajuavyo, kwamba kumwokoa mgonjwa hakukatazwi siku yoyote. Kisha akainamisha kichwa tena. "Kwa hiyo ni dini imeua mama yetu," baba mdogo akasema. Niandike wazi: nilikuwa na nafasi, nilikuwa na ulimi, na nilinyamaza. Niliendelea kumimina maji kwenye mikono ya watu.

Jikoni nilimshika Min Akoth kanga. "Mama, kwa nini umesema hivyo? Ni mimi." Hakuniangalia, alikuwa anapanga sahani. Jumamosi jioni alikuwa ameuona ukuta kabla haujafutwa, na alijua kila kitu tangu hapo. "Wewe ni mtoto wa watu," akasema. "Na ni Mkuria. Unajua hao watasema ulifanya makusudi? Unajua nini itakufikia hata kabla ufike barabara?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Enda ufundishe watoto hiyo hesabu vizuri." Hakulitaja tena. Niliondoka Desemba na sanduku langu. Yeye alibaki, na nilisikia kwa watu kwamba kwa miaka mingi wakwe zake hawakula kwake, kwamba katika kila msiba wa ukoo alipewa kazi ya kuosha vyombo na hakuna aliyekaa naye. Nilimtembelea mara mbili tu. Mara zote mbili alinipa uji, na mara zote mbili nilirudi Rongo na maneno yangu mdomoni.

Alhamisi ya mazishi nilifika mapema. Mahema yalikuwa yamefungwa kwenye uwanja wa juu, karibu na kaburi la Dani. Nilimkuta Akoth jikoni, mwanamke mzima sasa, na nikamwambia kabla sijaketi, kwa sababu nilijua nikiketi sitasema. Alinisikiliza huku ameshika mwiko.

"Alikuuliza namba?" akaniuliza.

"Aliuliza ukuta inasema aje."

"Na tano hukusema."

"Sikusema." Hapo ndipo penyewe, na nimepazunguka kwa miaka ishirini na saba. Kama ningetamka tano tu, mama yake angejua, na wale vijana wangejua, na hata Dani angejua. Wote waliujua mpangilio ule tangu utotoni. Mimi niliwanyima nambari nikawapa hukumu yangu.

Akoth alisukuma ukuni motoni. "Mimi niliinua mkono darasani," akasema.

"Uliinua."

Akaweka mwiko. "Uko kwenye programu baada ya baba mdogo. Utaenda useme."

Baba mdogo alizungumza akiegemea fimbo, kofia kichwani. Alimsifu shemeji yake kwa kazi na kwa usafi, kisha akasema kwamba wote wanajua Sabato yake ilimchukua nani, na kwamba Mungu ndiye atakayeamua. Watu wakaguna kidogo, kama watu waliozoea. Kisha nikaitwa. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za kujieleza, zikiwa na ujana wangu na ugeni wangu ndani, nikaziacha kwenye mkoba. Nilisema jina langu na kwamba niliishi katika nyumba hii mwaka ule wa mafuriko.

"Ijumaa ile ni mimi nilipita sokoni," nikasema. "Jumatano ukutani kulikuwa na nane, kwa mkaa. Ijumaa kulikuwa na tano, kwa mkaa. Mama huyu akaniuliza ukuta unasema nini. Nikamwambia mto unashuka."

Vijana waliokuwa nyuma walitazamana, kwa sababu ghala lilibomolewa zamani na hawajui habari za mkaa wala chaki. Lakini katika safu ya mbele hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke mmoja mzee alisema "tano" kwa sauti ndogo na kujifunika mdomo. Baba mdogo alivua kofia. Hakunitazama mimi, alitazama jeneza, na kofia hiyo aliishika mkononi mpaka udongo wa mwisho ulipowekwa.